Pango si Shimo: Historia Iliyolala Chini ya Mwambao

Mwambao wa Afrika Mashariki umekaa juu ya mawe yenye matundu. Atembeaye kwa miguu nje ya mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Horohoro. Apandaye vilima vya Kilifi akiiacha bahari mgongoni mwake. Ashikaye kijia cha mawe makali nyuma ya Jambiani: wote hao hupita juu ya vyumba wasivyoviona. Ardhi hulia tofauti chini ya unyayo, mti mmoja husimama mbichi katikati ya vichaka vilivyokauka, popo hutoka mahali pamoja jua linapotua. Wenyeji huzisoma dalili hizo bila kufundishwa. Mgeni huhitaji kiongozi, na mara nyingi kiongozi humpa maneno kabla ya kumpa mwanga wa tochi. Kwa hiyo na sisi tuanze na maneno.

Pango, katika kamusi zetu, ni maneno mawili yanayofanana sura tu. Moja ni malipo ya nyumba, nalo limezaliwa na kitenzi kupanga. La pili ni uwazi ulio ndani ya mwamba au chini ya ardhi. Hili la pili halina budi kutofautishwa na shimo. Shimo huenda chini, pango huingia ndani. Mtu hutumbukia shimoni, lakini pangoni huingia kwa hiari yake, akiinama. Tofauti hiyo yaonekana ndogo hadi ufike kwenye kijiji kilicho kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, kikitazamana na kisiwa cha Wasini, ukakuta kinaitwa Shimoni, si Pangoni. Sababu huiona mwenyewe kwa miguu yako: pale hukabili mdomo wa jabali, bali hushuka kwa ngazi, na ardhi hufunika kichwa chako. Waliopaita hivyo walikuwa wanaeleza namna ya kufika.

Na kuna panga. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia Panga ya Saidi huenda akafikiri ni silaha iliyomilikiwa na Saidi fulani. Katika lugha za Wamijikenda, panga ni pango; jina zima ni Pango la Saidi tu. Ni jambo la kufurahisha kwamba lugha za pwani, ambazo zimepokea maneno mengi ya Kiarabu kwa vitu vya imani, biashara na sheria, hazikulihitaji neno la kigeni kwa kitu hiki. Sura ya 18 ya Kurani, Al-Kahf, husomwa kila Ijumaa katika nyumba nyingi za Waswahili, na kila mtoto wa chuoni anaijua habari ya vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na ushei. Hata hivyo kahf halikuingia katika mazungumzo ya kila siku. Pango lilikuwa limekwishakuwapo, neno na kitu.

Kitu chenyewe ni kazi ya maji na chokaa. Mvua inyeshapo huchukua hewa ya kaboni dioksidi angani, na huchukua nyingi zaidi ipitapo katika udongo wenye majani yanayooza. Maji hayo huwa asidi dhaifu, dhaifu mno kiasi kwamba tunayanywa bila kujua, lakini yanatosha kuyeyusha mawe ya chokaa yakipewa muda. Huingia katika nyufa, hupanua nyufa kuwa njia, na njia kuwa vyumba. Baadaye, maji yadondokapo kutoka darini huiacha ile chokaa iliyoyeyuka, tone kwa tone, nayo huganda ikawa michongoma ya mawe inayoning'inia na mingine inayoinuka kutoka sakafuni. Mawe ya Amboni ni ya enzi ya Jura, miaka milioni 150 hivi. Yale ya Shimoni na ya visiwani ni matumbawe, yaani mizoga ya viumbe wa bahari iliyoinuliwa juu ya maji, na ni changa mno yakilinganishwa na hayo.

Tusisahau kwamba jiwe hilihili ndilo lililojenga miji yetu. Kuta za Gede na Kilwa Kisiwani ni matumbawe yaliyokatwa, na chokaa iliyoyashika ilichomwa katika tanuri za kuni kutokana na matumbawe hayohayo. Mswahili wa mjini aliyejivunia nyumba ya mawe na mganga wa shamba aliyeweka ubani pangoni walikuwa wanatumia mwamba mmoja kwa njia mbili. Leo kuna njia ya tatu: jiwe la chokaa ndilo malighafi ya saruji, na Tanga na Mombasa kote kuna viwanda. Nitalirudia jambo hilo.

Mapango ya Amboni yako yapata kilomita nane kaskazini mwa mji wa Tanga, karibu na mto Mkulumuzi. Mwaka 1922 kampuni ya Amboni Limited, iliyoshika ardhi ya mkonge, iliyapata katika eneo lake na kuiarifu serikali ya kikoloni; mwaka 1937 yakatangazwa kuwa eneo la hifadhi; mwaka 1963, baada ya Uhuru, yakawa chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Hayo ni maandishi ya ofisini. Watu wa Tanga, kwa upande wao, walikuwa na Mzimu wa Mabavu humo ndani tangu zamani, na mpaka leo mgeni huoneshwa chumba ambamo watu huacha ubani, chupa za maji ya waridi na vitu vingine vya nadhiri. Neno kugunduliwa, ambalo husikika sana katika maelezo ya mapango, lastahili kusikilizwa kwa sikio moja.

Kuhusu urefu wa Amboni, masimulizi ni mengi. Husemwa kwamba njia zake hufika Mombasa. Wengine huzipeleka hadi Kilimanjaro. Husimuliwa Wazungu wawili walioingia na mbwa wao wasitoke tena, ila mbwa akaonekana baada ya muda mrefu karibu na mlima huo, umbali wa kilomita mia nne. Mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na wa Kituruki waliyapima, wakakuta mapango kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote lina mita 900. Nimesikia watu wakiutumia upimaji huo kuwacheka wasimulizi. Siafikiani nao. Masimulizi yale hayakupima jiwe, yalipima nchi. Tanga, Mombasa na Kilimanjaro ni pembe tatu za njia ambazo misafara ya biashara ilizikanyaga miaka mingi, na mtu aliyesema kwamba zimeungana chini kwa chini alikuwa anasema jambo ambalo miguu ya babu yake ililijua juu ya ardhi. Mbwa ni pambo la hadithi. Mita 900 ni kweli ya kipimo, nayo inatosha kumpoteza mtu asiye na taa.

Viongozi wa pale husimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo katika miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya Waingereza. Kwa serikali walikuwa majambazi, kwa wanyonge wengi walikuwa watetezi waliowanyang'anya wenye mali. Na mwezi Februari 2015 eneo la Amboni likasikika tena katika redio kwa sababu ya mapambano kati ya vyombo vya usalama na watu wenye silaha. Pango halijaacha kazi yake ya kale ya kuficha.

Lakini pango lililobadilisha historia yenyewe, kwa maana ya kurefusha kile tunachokiita historia ya pwani, ni hilo la Saidi. Liko Kilifi, katika vilima vya chokaa vilivyo kilomita 15 hivi kutoka baharini, mahali ambapo msitu wa pwani hukutana na nyika. Dari ya sehemu yake imeanguka zamani, kwa hiyo jua huingia, na mizizi ya miti hushuka ukutani kama kamba za jahazi. Tangu mwaka 2010 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ulaya, wakiongozwa na Nicole Boivin na Emmanuel Ndiema miongoni mwa wengine, walichimba sakafu yake kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka, hadi mita tatu chini. Matokeo ya kwanza makubwa yalitolewa mwaka 2018: watu walikuwa wakilitumia pango hilo kwa vipindi tangu miaka 78,000 iliyopita. Zilipatikana zana za mawe zilizopungua ukubwa kadiri vizazi vilivyopita, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na ushanga wa kombe la bahari wenye zaidi ya miaka 60,000.

Wataalamu wengi walikuwa wamezoea kuwatafuta watu wa kale katika Bonde la Ufa, au katika mapango ya Afrika Kusini yanayotazama bahari. Pwani yetu ilionekana kama varanda: mahali pa wageni, pa majahazi na bidhaa, ambapo mambo huanza pale mtu fulani anaposhuka chomboni. Vitabu vingi vya shule bado huanza hivyo. Panga ya Saidi imeuvunja ukuta huo kwa kijiko cha mchimbaji. Watu waliishi kati ya msitu na nyika, wakila vya pande zote mbili, vizazi elfu kadhaa kabla ya jahazi la kwanza.

Kisha akapatikana Mtoto. Mwaka 2013 vilionekana vipande vya mfupa laini mno, visivyotambulika. Mwaka 2017 wachimbaji walikifikia kishimo chenyewe, cha mviringo, kifupi, na mifupa iliyooza kiasi cha kugeuka vumbi ikiguswa. Hawakuithubutu. Walilifunika bonge zima la udongo kwa plasta, wakalibeba hadi Makumbusho ya Nairobi, na kutoka huko likapelekwa kwenye kituo cha utafiti mjini Burgos, Hispania, ambako lilichambuliwa kwa subira na kwa mashine zinazoona ndani bila kupasua. Meno ndiyo yaliyothibitisha kwamba ni binadamu kama sisi: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Habari hiyo ilichapishwa mwezi Mei 2021, na umri wa kaburi ukatajwa kuwa miaka 78,300 hivi. Hakuna kaburi la binadamu lililo kuukuu kuliko hilo ambalo limekwisha kujulikana kwa uhakika barani Afrika.

Namna alivyolazwa ndiyo iliyobeba uzito wa habari. Alilala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya bega na mbavu ilikaa namna ambayo watafiti waliifasiri kuwa sehemu ya juu ya mwili ilifungwa kwa kitu, pengine majani au ngozi. Kichwa kilikuwa kimeinama kama kilichopoteza tegemeo, kana kwamba chini yake paliwekwa mto wa kitu kilichooza baadaye. Kisha udongo ulirudishwa juu yake makusudi. Basi tuna sanda, tuna mto, tuna ubavu wa kulia. Muislamu wa Kilifi asomaye maneno hayo hutulia kidogo, maana naye humlaza maiti wake kwa ubavu wa kulia. Simaanishi kwamba kuna uzi mmoja ulioziunganisha desturi hizo kwa miaka 78,000. Hakuna ushahidi wa jambo hilo, na ni kosa kulibuni. Namaanisha tu kwamba mikono iliyomweka pale ilifanya kazi ambayo tunaifahamu.

Jina lake limetuletea jambo lingine la lugha. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili, na majarida ya sayansi ya dunia yameliandika hivyo kwa herufi kubwa. Neno la ngeli ya kwanza, ambalo mama hulitamka mara mia kwa siku, limekuwa jina la mtu mmoja. Nalo linamfaa, kwa kuwa Kiswahili hakitulazimishi kuchagua: alikuwa, alilazwa, alifunikwa, bila kusema wa kike au wa kiume. Hata hivyo jina hilo ni la juzi. Wasemaji wa lugha za Kibantu walifika pwani hii yapata miaka elfu mbili iliyopita, na Kiswahili kikazaliwa baadaye. Kati ya lugha ya waliomzika na lugha yetu kuna ukimya ambao hakuna mwanaisimu awezaye kuuvuka. Tumempa jina kwa lugha ambayo kwake ni changa kuliko yeye kwetu alivyokuwa mchanga.

Ng'ambo, Unguja, pango la Kuumbi karibu na Jambiani limezaa mabishano zaidi. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilichimba mwaka 2005, akatangaza kwamba amepata dalili za wanyama wa kufugwa wa zama za kale sana, jambo ambalo lingezisogeza nyuma tarehe za ufugaji na biashara ya bahari. Timu nyingine ilichimba tena mwaka 2012, na haikuupata ushahidi huo. Mjadala ulikuwa mkali, na si vibaya. Pango moja lenye wasomaji wawili wasioafikiana lina heri kuliko pango lisilosomwa. Lisilobishaniwa ni la ajabu kuliko yote: mle ndani mna mifupa ya pundamilia na nyati. Unguja haina pundamilia. Waliliwa na watu walioishi hapo yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa chini na Unguja ilikuwa kipande cha bara, ikifikika kwa miguu. Bahari ilipopanda, wanyama wakubwa wakatoweka, pango likaachwa kwa milenia nyingi, na watu walipolirudia katika milenia ya kwanza baada ya Kristo walifika kwa vyombo. Yeyote apandaye leo boti ya Dar es Salaam na kutapika njiani akumbuke kwamba kuna wakati safari hiyo ilikuwa ya kutembea.

Sasa Shimoni, na hapa sauti hubadilika. Mapango yake yanaoneshwa kwa wageni kama mahali walipofungiwa watumwa wakingoja kuvushwa, na pete za chuma ukutani huoneshwa kuwa ushahidi. Biashara hiyo ilikuwapo, na ukatili wake hauhitaji kuongezwa chumvi. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa kwa bahari mwezi Juni 1873, na kuanzia hapo waliotaka kuiendeleza walihitaji sehemu za siri. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897 Zanzibar na 1907 katika pwani ya Kenya. Lakini wenyeji wa Shimoni wana kumbukumbu nyingine pia juu ya mapango hayo: mahali pa kujificha maadui wakivamia, mahali pa tambiko. Mwanaakiolojia Herman Kiriama ameandika kwa kirefu juu ya kumbukumbu hizo zinavyobanana. Hadithi ya watumwa ndiyo inayomleta mgeni mwenye fedha, na kiingilio husaidia kijiji. Hadithi ya tambiko haina kiingilio. Sioni aibu kwa kijiji kula kutokana na pango lake. Naona hatari pale ambapo kumbukumbu moja, hata iwe ya kweli, inakaa juu ya nyingine mpaka watoto wa pale pale wasijue kwamba bibi zao walikuwa wakiomba mvua humo.

Mangapwani, kilomita ishirini na kitu kaskazini mwa mji wa Zanzibar, mkanganyiko huo umeingia ndani ya neno lenyewe. Manga ni jina la kale la Uarabuni, hivyo pwani hiyo ni ya Manga. Kuna sehemu mbili pale. Ya kwanza ni pango la matumbawe lenye maji baridi chini, ambalo husimuliwa kwamba lilijulikana kwa kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea, akamsikia akilia ardhini. Ya pili ni chumba kilichochimbwa katika mwamba na kuezekwa, chenye ngazi, ambacho hutajwa kuwa cha Mohammed bin Nassor, na kwamba kilitumika kuwaficha watumwa baada ya mkataba wa 1873. Yote mawili watu huyaita pango la watumwa. La kwanza ni kazi ya mvua, la pili ni kazi ya sululu. La kwanza liliwanywesha watu, la pili liliwafungia. Mtu akiviita vitu hivyo kwa jina moja, humwondolea aliyechimba jukumu lake, kana kwamba chumba kile kilijitokea chenyewe ardhini. Kiswahili kina maneno ya kutosha: chumba, ghala, handaki. Tuyatumie.

Nilisema nitarudi kwenye saruji. Mapango huishi au hufa pamoja na mwamba wake, na mwamba wa chokaa una bei. Lakini hata pasipo tingatinga, sakafu ya pango huharibika kwa urahisi: kwa wachimba mbolea ya popo, kwa watafuta hazina wanaoamini kwamba Mjerumani aliacha dhahabu kila mahali, kwa vijana wanaoandika majina yao kwa masizi. Mtoto alibaki kwa sababu kwa miaka 78,000 hakuna aliyechimba mita tatu chini ya pale alipolala. Udongo wa pango husomwa mara moja tu. Tabaka likivurugwa, tarehe zake zimekwenda, na hakuna nakala.

Anayetaka kuyaona mapango haya na ayaendee kwa miguu, asubuhi, wakati wa kiangazi, maana masika hujaza maji njia za chini na kuteleza kwake si mchezo. Achukue tochi mbili. Amuulize mwenyeji, si kiongozi mwenye beji peke yake, pango hilo huitwaje na watu wa hapo, na jina la kale kabla ya hilo. Mangapwani aanze na lile lenye maji, anywe kama ataruhusiwa, kisha ashike njia ya pwani hadi kwenye ngazi za kile chumba, ahesabu vidato akishuka.